Mahali pa Kugeuzia Trekta

Mjane Dalbir Kaur alikwenda mahakamani kwa jambo moja tu: apande ngano yake, kwenye shamba walilorithi pamoja, bila kumwomba shemeji yake ruhusa. Kila Novemba Resham Singh, mdogo wa marehemu mumewe, alimjibu, "Bado," mpaka amalize kupanda kwake. Ngano ya mama huyu ikachelewa, na joto la Machi likaikausha ikiwa changa.

Kesi ilipigwa kalenda mpaka wakili wake wa kwanza akastaafu. Mwishowe hakimu wa ardhi alipendekeza mmoja achukue upande wa mfereji wenye udongo mzuri, mwingine apewe eneo kubwa zaidi kwenye udongo wa chumvi. Wote wawili walikataa. Dalbir alisema, "Kila aina ya udongo ikatwe nusu kwa nusu." Kwa mara ya kwanza shemeji yake aliafikiana naye.

Sasa mawe ya mpaka yalikuwa yamesimikwa, na shamba limegawanyika mistari myembamba kama ya shuka: wa Resham, wa Dalbir, wa Resham, wa Dalbir.

Dereva aliyekodiwa alisimamisha trekta. "Mama, hapa sina pa kugeuzia. Mashine ya kupandia itaingia kwa shemeji yako."

"Geuza polepole."

"Hata nikigeuza kwa kusali, mama. Kamwombe."

"Nimekwenda mahakamani nisimwombe."

Resham alikuwa hatua chache tu kutoka hapo, kwenye kitanda cha kamba kando ya kisima, anakunywa chai. Trekta lake nalo lilikuwa limezimwa.

"Shemeji," alisema, "si uliapa hutaniomba kitu tena?"

"Sikuombi. Mbona lako halitembei?"

Resham alitazama ndani ya kikombe. "Haligeuki."

"Basi tupishane kwa zamu: wewe ugeuzie kwangu, mimi kwako."

"Sawa. Ila naanza mimi."

"Umeanza miaka yote, Resham."

"Ndiyo maana nimezoea."

Dereva alikohoa. "Wakubwa, mtaka yote hukosa yote. Udongo unakauka."

Dalbir aliinama, akafumbata udongo. Ulishikana bado, lakini kwa shida. Kesho ungemwagika kama unga. Alimwomba Mungu ampe neno jingine, lolote, ila lile lililokuwa kinywani. Halikuja.

"Anza," alisema.

Resham alimalizia chai yake kwanza. Kisha trekta lake likanguruma, likageukia ndani ya mstari wa Dalbir, likaacha alama za magurudumu. Dalbir akasimama kando ya jiwe lake la mpaka, akingoja zamu yake, kama kila Novemba.