Mama, Chumvi

Jumapili ya kwanza baada ya mazishi, watoto wa marehemu walikutana nyumbani kwa mama yao kula chakula cha mchana, kama ilivyokuwa desturi yao. Kuku alikuwa amepikwa na dada mtu, ambaye ni msusi, na alikuwa ameungua upande mmoja. Wali ulikuwa na mabonge. Kaka Mkubwa, ambaye ni mwalimu mkuu na hupenda kuonja kabla ya wenzake, alichovya kijiko kwenye mchuzi, akaonja, akakunja uso, na bila kuinua macho akaita kuelekea jikoni, "Mama, chumvi!"

Chumvi ikaletwa.

Mama aliiweka karibu na mkono wake wa kulia, pale pale alipoiweka kwa miaka arobaini. Alikuwa amevaa gauni la kijani walilomzikia Ijumaa, na pindo lake lilikuwa na udongo. Kaka Mkubwa alinyunyiza, akakoroga, akaonja tena. "Hapo sawa," alisema. Mke wake akauliza kama kuna ndimu, na Mama akarudi jikoni kuitafuta. Kabla ya kuikata alinawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, maana hakuwahi kushika chakula na mikono michafu maishani mwake, na kufa hakukumbadilisha tabia.

Hakuna aliyepiga kelele. Paka wa nyumba, anayeitwa Bosi, ndiye peke yake aliyeshuka kwenye kiti chake akaenda kujisugua kwenye miguu ya Mama. Miguu ilikuwa ya baridi, akarudi kitini.

Kitindamimba, binti wa mwisho, alimfuata paka kwa macho, na hapo ndipo alipohesabu. Viti vilikuwa sita. Cha Kaka Mkubwa, cha mkewe, cha msusi, cha mtoto wa tatu, kaka waliyemwita Kingi kwa sababu ya mapenzi yake ya drafti, chake yeye, na cha sita cha Bosi. Mama alikuwa akila jikoni, amesimama, ameegemea friji, akikwangua ukoko wa sufuria kwa kijiko cha mbao. Kitindamimba ni fundi wa makochi. Viti vile sita alivitia sponji na kuvivika kitambaa kwa mikono yake mwenyewe, na hajawahi kujiuliza kwa nini ni sita. Aibu ilimshika mpaka masikio yakamuwasha.

Siku ya mazishi Kaka Mkubwa alihutubia kwa dakika ishirini na tano. Alisema Mama alikuwa nguzo ya familia, hakujua kuchoka, na sasa amepumzika. Msusi alizimia mara mbili, mara ya pili baada ya kutafuta mahali pazuri pa kuangukia. Juu ya kaburi waliandika APUMZIKE KWA AMANI, kwa herufi kubwa, kwa ombi la Kaka Mkubwa. Alipumzika siku mbili.

Tangu hapo akawa anakuja kila Jumapili. Hakuja mwenyewe, lazima aitwe, lakini kuitwa hakukukosekana. Kingi, akiwa ameinamia ubao wa drafti, alinyoosha kikombe kitupu pembeni na kusema, "Mama, chai," na kikombe kikajaa mkononi mwake. Alikula kete tatu kwa mpigo, akanywa, hakugeuka. Jumapili ya tatu msusi alikuja na furushi la taulo za saluni. Jumapili ya nne Kingi alileta suruali mbili za kupunguzwa urefu. Mke wa Kaka Mkubwa, ambaye enzi za uhai wa mkwewe alikuwa akimwamkia kwa ncha ya midomo, sasa alisema hakuna mtu anayejua kuunga maharage kama Mama, na akaleta maharage.

Lakini wafu nao huchakaa. Mwanzoni Mama alikuwa mzima kama alivyozikwa. Jumapili ya tano, alipokuwa akiosha vyombo, Kitindamimba aliliona bomba la sinki kupitia kiganja cha mama yake, kisha akaona na maji yakitiririka. Ya sita, mkono mzima ulikuwa hivyo, mpaka begani.

"Dada, umemwona Mama?" alimwuliza msusi wakiwa barazani.

"Kapungua," msusi alikiri. "Lakini kazi anapiga. Zile taulo zimekuwa nyeupe, we acha tu."

"Anaisha. Kila tukimwita anaisha."

"Kwani nani anamlazimisha? Mimi nikiita, si angeweza kukataa?"

Jibu lililomjia Kitindamimba halikufaa kupewa dada aliyekubeba mgongoni. Aliingia ndani akamkabili Kaka Mkubwa mbele ya wote. Alimwambia Mama yuko kaburini, na kama kuna anayetaka chumvi, chumvi iko kabatini, rafu ya pili, kwenye kopo lenye mfuniko mwekundu.

Kaka Mkubwa alifuta midomo yake taratibu, kama afanyavyo mbele ya wazazi wa wanafunzi.

"Mdogo wangu, hasira hasara. Mama ni mama. Kutuhudumia ndiyo furaha yake."

"Uliwahi kumwuliza?"

"Furaha haiulizwi, inaonekana. Hebu mtazame."

Wote wakatazama jikoni. Mama alikuwa amepiga magoti, anafuta sakafu chini ya friji. Uso wake haukuonekana. Kaka Mkubwa alitikisa kichwa kwa kuridhika, na mjadala ukaishia hapo, kwa sababu katika familia ile mjadala huishia pale anapotikisa kichwa yeye.

Kitindamimba alirudi karakanani kwake akatengeneza kiti cha saba. Alikifanya kwa siku nne, akawaacha wateja wakisubiri makochi yao. Alichagua mbao ngumu, akaweka sponji nene kuliko ya viti vyote, akakivika kitambaa cha kijani kinachofanana na gauni. Alikipimia urefu wa miguu ya Mama kwa kukumbuka, kwa kuwa hakuwahi kumwona amekaa muda wa kutosha kumpima. Jumapili ya saba alikibeba kichwani mpaka nyumbani kwa mama yao, akakiweka mezani, na Mama alipoletwa na mtu aliyetaka pilipili, akamshika mkono ule usioshikika vizuri na kumwonyesha.

"Mama, hiki chako. Nimekutengenezea."

Mama alikipapasa. Alikisifia mshono. Akasema, "Mungu akubariki, mwanangu, umenikumbuka," na machozi yalimlengalenga kweli. Kisha akakibeba mpaka jikoni, akakisogeza chini ya kabati, akavua ndala, akapanda juu yake, na kwa mara ya kwanza akaweza kuifikia rafu ya juu kabisa. Aliisafisha yote. Akateremsha sufuria kubwa, ile ya shughuli, ambayo hakuwahi kuifikia bila kumwomba jirani.

"Hilo nalo neno," alisema Kingi alipoiona. "Sasa tunaweza kualika watu."

Kitindamimba alitoka nje akaupiga mlango kwa kishindo. Wiki nzima alikuwa akigonga misumari kama anayegonga vichwa vya watu, na vichwa vyenyewe alivijua kimoja kimoja. Aliwachukia kwa utulivu wao na kwa kushiba kwao. Yeye walau, alijiambia, hamwiti.

Jumatano, akiwa anavika kochi la mteja, nyundo iliukosa msumari ikampata dole gumba.

"Mama wee!" alipiga ukelele.

Mama akasimama mlangoni mwa karakana, mkononi ana bakuli la maji ya uvuguvugu na kitambaa safi. Alikuwa ametoka mbali, anahema. Mwanga wa barabarani ulimpita mwilini, na gari lililokuwa likipita nyuma yake lilionekana lote, mpaka namba zake.

"Lete nione," alisema.

Kitindamimba alijua anachopaswa kusema. Alipaswa kusema, Mama, samahani, ulimi umeteleza, rudi ukalale. Lakini dole lilikuwa linapwita na karakana ilikuwa kimya, na tangu mazishi hakuna mtu aliyemwambia lete nione. Akanyoosha mkono. Mama akaliosha, akalifunga, akalipuliza kama zamani. Akamwuliza kama amekula. Hakuwa amekula. Basi Mama akabandika maji kwenye jiko dogo la kupashia gundi, akapata viazi viwili na kitunguu, na Kitindamimba akala mpaka akalamba kijiko, akisikia utamu na kujichukia kwa wakati mmoja. Mama alipoondoka, kidevu chake na mashavu havikuwepo tena. Yalibaki macho.

Nyani haoni kundule, wahenga walisema. Siku ile Kitindamimba alilia kwa hasira ambayo kwa mara ya kwanza ilimhusu yeye.

Jumapili ya nane alifika alfajiri, kabla ya wengine. Alipika peke yake: kuku, wali, maharage, mboga za majani. Akaupanga mlo wote mezani. Akaweka chumvi mbili, moja kila upande. Akaweka ndimu zilizokatwa, pilipili nzima na ya kusaga, maji ya kunywa, chai kwenye chupa, sukari, vijiti vya meno, taulo la kufutia mikono na jingine la akiba. Akamwekea Bosi samaki wake sakafuni. Kiti cha kijani akakitoa jikoni, akakifuta alama za nyayo, akakiweka mwisho wa meza.

Ndugu zake wakaja, wakaketi. Kaka Mkubwa aliipitisha macho meza yote, mara moja, mara mbili, akitafuta kilichopungua. Hakukuwa na kilichopungua.

Ndipo Kitindamimba akasema, si kwa kuita bali kwa sauti ya kukaribisha mgeni wa heshima, "Mama, karibu chakula."

Neno hilo halikuwa limewahi kusemwa katika nyumba ile kwa upande huo. Mama ndiye aliyekuwa akisema karibuni, nao wakikaribia. Alitokea mlangoni mwa jikoni, gauni la kijani lenye macho juu yake. Akatazama sahani sita. Akatazama kiti.

"Starehe, wanangu," alijibu, kama mtu mwenye adabu anavyojibu akikuta watu wasiomtarajia wanakula.

"Hapana, Mama. Si starehe. Karibu, uketi, ule."

Msusi aliacha kupakua. Kingi aliinua macho. Mama alisogea hatua moja, halafu nyingine. Kitindamimba akavuta kiti nyuma kumpa nafasi. Gauni likafika, na kitu kisichoonekana kikashika mgongo wa kiti, kwani kitambaa kilibonyea mahali panne, panapoweza kuwa vidole. Magoti ya gauni yakaanza kukunjika.

"Mama," alisema Kaka Mkubwa kwa upole, akiitazama mikono yake, "kwa vile umeshasimama, hebu tuletee maji ya kunawa."

Magoti yakanyooka. Gauni likageuka likaingia jikoni.

Kwa kweli Kitindamimba alikuwa amesahau maji ya kunawa. Alikumbuka vijiti vya meno, akasahau maji ya kunawa. Alisimama akaipiga meza kwa mkono wenye dole bovu, chumvi zote mbili zikaruka.

"Nyanyuka," alimwambia kaka yake. "Nyanyuka wewe, ukachukue."

Hapo ndipo watu waliposhangaa. Msusi alishika kifua. Mke wa Kaka Mkubwa alisema, "Wifi, umepatwa na nini?" na Kingi, ambaye kwa wiki nane alikuwa amepokea chai kutoka kwa maiti bila kupepesa jicho, alimtazama mdogo wake kama anayetazama kioja. Hata Kaka Mkubwa alistaajabu mpaka akasimama kweli. Alisimama pale, mtu mzima, mkuu wa shule yenye wanafunzi mia nane, akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Maji yenyewe," aliuliza, "huwa yanakaa wapi?"

Hakuuliza kwa kebehi. Hakujua. Lakini swali lilikuwa limeshasikika jikoni, kwa sababu bomba lilifunguliwa, likafungwa, kisha birika na beseni vikatoka mlangoni, vikaelea taratibu juu ya pindo la kijani lililokuwa likifutika, vikaja mpaka ubavuni pa Kaka Mkubwa.

"Kaa, mwanangu," sauti ilisema. "Usijichoshe."

Akakaa, akakinga mikono.