Santuri Thelathini na Saba

Mama Santuri aliuza santuri kwa miaka ishirini na sita, na mtaa mzima haukumjua kwa jina jingine. Mumewe, Radi, alikuwa mpiga ngoma wa bendi ya roki iliyowahi kuwatoa watu jasho. Bendi ilishakufa zamani, ila majigambo yake yalikuwa mazima. "Sisi ndio tuliokuwa namba moja," alizoea kusema, aulizwe asiulizwe.

Asubuhi moja akaja mtangazaji wa redio, binti mchangamfu, anayeandaa kipindi cha bendi za zamani. Alitaka ushahidi, si tambo.

"Mama, siku hizi tunahesabu watu wanaobofya wimbo kwenye simu. Nyinyi mlijuaje nani anapendwa?"

"Kwa santuri ndogo, mwanangu, ile ya wimbo mmoja kila upande. Mtu alitoka kwake kwa miguu, akapanga foleni, akarudi nayo kwapani. Kubofya hata paka anaweza."

Radi akalifuata daftari la duka kabatini. Mtangazaji akajumlisha ukurasa kwa ukurasa, akianzia wiki ile bendi mbili hasimu zilipotoa wimbo mpya kwa pamoja. Wapinzani, mia sita na kumi na moja. Bendi ya Radi, mia sita na thelathini.

"Si nilisema mimi!" Radi akaruka. Goti likamkumbusha umri wake, akakaa.

Mama Santuri hakucheka. Kuna jambo alikuwa amelimeza miaka arobaini, na sasa hesabu isiyo ya kweli ingetangazwa redioni. Akajikaza.

"Toa thelathini na saba."

"Kwa nini, mama?"

"Nilizinunua mimi. Mshahara wangu wa mwezi mzima. Duka lilikuwa bado si langu, nauza tu, na huyu bwana, hatujaoana bado, alipita kila jioni kuuliza wameuza ngapi. Wakizidiwa, uso unamnyauka. Nikashindwa kuvumilia."

Radi akahesabu kimoyomoyo, midomo ikimchezacheza. "Mia tano tisini na tatu. Kumbe tulishindwa."

"Mlishindwa, mume wangu. Nisamehe."

Radi akamkazia macho, kisha akaangua kicheko mpaka machozi yakamtoka. "We mwanamke! Idadi nilipewa na meneja wetu kila asubuhi. Jioni nilikuwa nakuja kukuona wewe!"

Mama Santuri akajifunika uso kwa upande wa khanga, kama msichana. Mtangazaji alikuwa hoi kwa kucheka.

"Na hizo santuri zilienda wapi?" akauliza.

"Niligawa. Unadhani shangazi zake wote walikuwa wapenzi wa roki?"

Jumamosi kipindi kikaenda hewani, na bendi ya Radi ikatajwa ya pili. Haikupita dakika, simu ikalia. Alikuwa mwimbaji wa bendi pinzani, sauti imejaa ushindi.

"Hongera, kaka, mmetushinda kihalali," Radi akamjibu. "Ila nikuulize: wewe kuna mtu aliyewahi kukumalizia mshahara?"

Upande wa pili kikalipuka kicheko, na wazee wale wakapiga soga mpaka chai ikapoa.