Bibi Kizee wa Hadithi ya Ogari

Kufikia saa nne asubuhi sauti ya Mokeira ilikuwa imeanza kukauka, na hadithi ilikuwa bado mbichi. Akameza mate, akasogeza simu karibu na macho, akaendelea kusoma. Mbele yake wanawake walikuwa wamekalia magunia, kila mmoja na beseni lake la maji, wakisugua sanamu za tembo na bakuli za mawe laini ya Tabaka kwa msasa mpaka maji yakageuka rangi ya maziwa.

Yeye mwenyewe alisugua mawe hayo miaka mingi, mpaka vidole vikakataa kukunjika. Ndipo wenzake walipomwambia: wewe ulifika darasa la tano na una miwani, kaa hapo utusomee, fungu lako la kusugua tutakumalizia.

Basi akawa anasoma. Alisoma hadithi za kutisha na za mauaji, kwa sababu ndizo walizotaka. Za mapenzi walisema zinawaletea usingizi. Waandishi walikuwa vijana wasio na kampuni ya kuwachapishia, waliojiandikia kwenye simu na kutuma kwa vikundi vya WhatsApp, sehemu baada ya sehemu. Mokeira alikuwa amesoma nyingi hata hazikumtisha tena, zilimchosha tu. Damu ilimwagwa ovyo kama maji ya bomba lililopasuka. Msichana akisikia kishindo nje, badala ya kujifungia, anatoka na taa kuuliza ni nani. Mpelelezi anakuja kutoka Nairobi na viatu vinavyong'aa, anapita kwenye matope haya yetu, na viatu vinazidi kung'aa. Halafu kila sehemu inakatwa mkono ukiwa kwenye kitasa. "Huyu naye ametuacha tena mlangoni," wanawake walilalamika, na kesho yake hao hao ndio wa kwanza kuuliza kama nyingine imekuja.

Mwandishi mmoja tu alikuwa bado anamgusa, kijana wa Birongo aitwaye Ogari. Ogari alijua kuandika jinsi nyumba inavyonyamaza mtu anayengojewa anapochelewa. Mwezi uliopita alikuja hata kuwasalimu, akapiga picha nao hapo kibandani, akawaita mashabiki wake.

Shida ilianza wiki hii. Katika hadithi yake watoto wa kijiji walikuwa wanakufa mmoja mmoja, na katika sehemu ya jana ikasemekana muuaji ni mchawi mwenye macho mekundu. Wanawake waliinua vichwa, wakamtazama Bitutu. Bitutu alikuwa mjane, mzee kuliko wote pale, hana mtoto wa kukaa naye, na macho yake yalikuwa mekundu kweli. Phanice, ambaye beseni lake lilikaa kando ya la Bitutu tangu zamani, alilinyanyua akalihamishia upande wa pili. Alisema jua linamchoma. Siku hiyo hapakuwa na jua.

Hakuna aliyecheka. Ng'ambo ya bonde kulikuwa na mama aliyechomewa nyumba na watu aliowajua kwa majina, na mambo yalianza hivyo hivyo, kwa kutazamana.

Mokeira alikuwa na mazoea ya kutanguliza macho, mdomo ukafuata nyuma. Leo, katika sehemu mpya, macho yakaona: bibi kizee, mjane, anaburuta mguu wa kushoto, amevaa kofia ya sufu ya kijani. Alipoinua uso, Bitutu alikuwa amenyoosha mguu wake wa kushoto juu ya gunia, na kofia yake ya kijani imelowa jasho.

"Mong'ina, mbona umenyamaza?" Phanice alimuuliza, akimwita kama mama yeyote mzima anavyoitwa pale. "Mchawi ni nani?"

"Nameza mate."

"Meza haraka basi, tunakufa huku."

"Mchawi ni..." Mokeira alisema, macho kwenye simu. "Ni mwanamume. Mrefu. Ana viatu vizuri. Ni mwalimu wa kwaya."

"Wa kwaya!" Phanice akajipiga paja. "Nilijua! Mwanamume anayechana nywele namna ile!"

"Wapi imesemwa anachana nywele?" mwingine akauliza.

"Wa kwaya wote wanachana!"

Walicheka mpaka maji yakamwagika, na Bitutu akacheka nao. Mokeira alibuni mpaka mwisho, na alipofika mwisho akamwacha mwalimu wa kwaya ameshika kitasa cha mlango, kwa kuwa hakujua njia nyingine ya kumaliza.

Wenzake walipoondoka kwenda kuteka maji, alizunguka nyuma ya kibanda akampigia Ogari.

"Magokoro!" Ogari alifurahi kumsikia, akimwita nyanya kama kawaida yake. "Imewafikia? Watu walioko Qatar wananipigia mpaka sasa. Wanasema yule bibi kizee amewanyima usingizi."

"Mjukuu wangu, yule bibi ulimtoa wapi?"

"Kichwani."

"Pamoja na kofia ya kijani?"

Upande wa Ogari jogoo aliwika, akawika tena.

"Nilihitaji mtu, magokoro," alisema mwishowe. "Nikaangalia ile picha. Lakini sikumtaja jina."

"Huku jina halihitajiki. Wenzako wakiandika mchawi, namwona mtu wa sinema. Wewe ukiandika namwona jirani yangu. Ndiyo maana nilikupenda, na ndiyo maana leo nimekuogopa."

"Basi sehemu ijayo nitaonyesha kwamba alisingiziwa. Wasomaji watashangaa sana."

"Inatoka lini?"

"Jumapili."

"Wanaochoma nyumba hawangoji Jumapili, Ogari. Ifute."

"Imeshasambaa, magokoro. Hata watu wa kule Ogembo wanayo. Nikiifuta kwangu haifutiki kwao."

"Ifute kwako, hivyo hivyo."

Hakusikia kama alikubali, simu ilikatika. Akaketi juu ya jiwe ambalo halijachongwa, akatamani alale hapo hapo.

Asubuhi iliyofuata Phanice alifika uso umekunjamana. Hakugusa hata msasa.

"Mong'ina, jana ulitusomea nini? Binti yangu Lavender amenisomea nyumbani. Hakuna mwalimu wa kwaya. Ni bibi kizee anayeburuta mguu."

Mikono yote ilisimama, isipokuwa ya Bitutu.

"Usiku kitu kilianguka kwa mabati yangu," Bitutu alisema bila kuinua kichwa. "Nikasema ni parachichi. Asubuhi nimeokota mawe."

Mokeira alivua miwani.

"Niliwadanganya," alisema. "Hadithi ya Ogari ina bibi kizee. Na ile tuliyomaliza kabla yake ilikuwa naye, na ile ya nyuma yake pia. Mimi ndiye ninayewasomea, nimechoka kukutana naye. Phanice, umejitazama kwenye kioo? Macho yako yakoje? Hili vumbi limetupaka sote. Ngojeni tu magoti yakatae, nanyi mtaandikwa."

"Mimi sikurusha mawe."

"Sijasema ulirusha. Ulihamisha beseni."

Phanice akamgeukia Bitutu.

"Kwako kuna uji?"

"Uji?" Bitutu aliuliza.

"Uji wa wimbi, mama. Ama ni lugha gani naongea?"

Wote walielewa. Mtu anayeogopwa kwa uchawi, hakuna anayegusa kikombe chake.

"Upo," Bitutu alisema polepole. "Lakini vikombe havitoshi."

"Tutapokezana."

Jioni walitoka pamoja, wakafuata barabara kubwa kwa mwendo wa mguu wa Bitutu. Kwenye kituo cha pikipiki kijana mmoja akaita, "Mama Lavender, huyo mnamsindikiza ni nani?"

"Ni mwenzetu!" Phanice akamjibu. "Una swali lingine, ama nimwambie mama yako unashinda hapa kama gunia la viazi?"

Wenzake walimcheka mpaka akawasha pikipiki akaenda.

Kwa Bitutu hawakuingia ndani. Waliketi mbele ya nyumba, nyuso zikielekea barabarani, ili anayepita aone. Phanice alipewa kikombe cha kwanza. Alifumba macho, akanywa.

"Hujatia sukari," alisema.

"Sukari ni ya wageni," Bitutu akamjibu.

Barabarani watu wawili walipunguza mwendo. Mmoja alisalimia, mwingine akapita kimya. Itabidi tuje tena kesho, Mokeira aliwaza, na kesho kutwa, na kilima hiki mteremko wake ni mbaya. Kikombe kilipomfikia uji ulikuwa umepoa. Akaunywa wote.