Jibu Ambalo Mama Hakulitoa

Daktari alimuuliza mama swali, nikajibu mimi. Hadi leo nikilikumbuka uso unaniwaka.

Mama aliitwa Jepkemei. Alikuwa na miaka sabini na mbili, mkulima wa viazi kule Olenguruone, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu. Mimi, Cheruto, ni mwalimu wa shule ya msingi Bahati. Kwa hiyo alipopatikana na kansa ya damu, ile inayokimbia haraka, ndugu zangu waliamua niwe mdomo wake hospitalini Nakuru. Nilijivunia kazi hiyo.

Daktari Wariara alizungumza polepole, akimtazama mama, si mimi. Alisema ziko njia mbili. Ya kwanza ni dawa kali: kulazwa mwezi mzima, nywele kutoka, mdomo kuota vidonda, na kwa umri wake huenda dawa yenyewe ikamuua. Kama ingefaulu, angepata muda mrefu zaidi. Ya pili ni dawa nyepesi, akae nyumbani, aje kuongezewa damu inapopungua. Hiyo haingemponya, ila ingeutuliza ugonjwa kwa muda.

"Muulize anataka gani," akaniambia. "Mwili ni wake."

Nikamgeukia mama nikasema kwa Kipsigis, "Utalazwa mwezi mmoja upewe dawa, upone."

Mama akafikiri kidogo. "Kama daktari amesema, sawa."

"Anataka ile kali," nikamwambia daktari.

Nilikuwa sijaenda kumwona mama karibu miaka miwili. Kila likizo nilikuwa na sababu. Sasa nilitaka aishi miaka mingi ili nipate nafasi ya kuwa mtoto mzuri, na sikutaka kusikia habari ya dawa isiyoponya.

Wiki ya tatu mama hakuweza kumeza hata uji. Nilimpangusa mdomo kwa pamba, ikatoka na damu.

"Hakukuwa na njia nyingine?" akaniuliza.

"Hakukuwa, Mama."

Mwezi ulipoisha, vipimo vilionyesha ugonjwa umepungua lakini haujaisha. Daktari Wariara alikuja kitandani na nesi mmoja wa kutoka Bomet, Kimutai.

"Leo Kimutai atatusaidia na lugha," akasema. "Mwalimu, wewe pumzika tu."

Kimutai akavuta kiti, akaketi karibu na mama. "Kogo," akamwita, yaani bibi kwa Kipsigis, "daktari anasema mara ya kwanza ulichagua dawa kali, ukaacha ile nyepesi ya kukaa nyumbani. Anauliza kama bado unataka kuendelea hivyo."

Mama alinitazama. Mimi niliangalia viatu vya Kimutai.

"Mwambie nilikuwa nimesahau," mama akasema. "Ni uzee."

Alinifichia. Mdomo wake ulikuwa umejaa vidonda nilivyomchagulia mimi, na bado aliutumia kunifichia aibu. Afadhali angenipiga kofi.

"Hajasahau," nikasema kwa Kiswahili. "Mimi sikumwambia."

Daktari akaweka kalamu chini. Hakunigombeza. "Hata mimi nilipaswa kutafuta mkalimani siku ile," akasema. Wala hilo halikunipunguzia kitu.

Kisha mama akaanza kuuliza. Kwa dawa nyepesi, angekuwa na nguvu za kutembea hadi kwa dada yake Cheptanui? Damu ingeweza kupimwa Molo badala ya Nakuru? Wangapi wa umri wake walipona kwa ile kali? Daktari alimjibu yote, na mara mbili alisema wazi kwamba hajui. Nilisikia maswali ambayo mimi, mwalimu, sikuwahi kufikiria kwamba mama anaweza kuyauliza.

Akaomba siku mbili. Siku ya tatu alichagua kwenda nyumbani na dawa nyepesi, na akasema siku atakapochoka na safari za kuongezewa damu, zikome. Daktari akaliandika hilo kwenye faili.

Aliishi miezi minane. Kila siku ya kliniki nilimpeleka, lakini Kimutai ndiye aliyetafsiri. Nilimwomba mama msamaha tukiwa jikoni kwake.

"Najua uliogopa," akaniambia. "Lakini ulinifanya mtoto mdogo, Cheruto. Mimi niliyekuzaa."

Alinisamehe palepale, akanituma maji.

Kwenye mazishi, kaka yangu Micah alisimama mbele ya watu akanishukuru kwa kuwa mdomo wa mama. Watu wakapiga makofi. Nilikaa nimeinamisha kichwa, wakadhani ni kilio. Jioni nilimvuta Micah kando ya tangi la maji, nikamweleza kila kitu.

"Na mimi ningefanya hivyo hivyo," akasema, kisha akaenda kuwasindikiza wageni. Nilibaki pale, nikijua kwamba alisema hivyo kunifariji tu.