Bao la Shaame

Bi Mwanapili alikuwa akichagua mchele wa khitma ya mwanawe pale baridi ilipoanza kutoka kwenye redio ya jirani yake, Msellem. Kijiji kizima cha Wambaa kikawahi kuanua karafuu. Ua ukaganda barafu, na vijana wa vyuo, wateule wa nchi mbili jirani za Ulaya, wakaingia wakicheza mpira wa magongo kwa viatu vya makali.

Mwanawe, Shaame, alikwenda huko kusoma, na tangu hapo kimya. Miaka saba mama yake anakula peke yake, na bado mkono unampakulia mtoto. Shemeji yake, Mzee Mjaka, alichoka kungoja, akaamua kijana kafa, asomewe khitma baada ya alasiri. Kichwa kigumu, mzee yule!

"Labda redio imtaje, ndipo niamini," alisema Mjaka. "Ndiyo itwambiayo nani kafa. Na itwambie nani yu hai."

Mtangazaji alimtaja kila mchezaji kwa jina lake na la baba yake. Shaame, kanenepa kidogo, akateleza kando ya kisima akafunga.

"Bao!" redio ikapiga kelele. "Kafunga yule Mwafrika!"

"Mwanao huyo, Bi," Msellem akasema.

"Ndiye."

"Aa, Waafrika wengi," Mjaka akajibu, akikunja miguu ili Shaame apite.

Wakati wa mapumziko Shaame alimwendea mama yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Waambie wakutaje, baba. Hapa wataka kukusomea khitma."

"Nimewaambia. Wasema jina langu gumu, haliwakai mdomoni."

Jina lenyewe Shaame, jamani! Bi Mwanapili akamshika mashavu, roho inamuuma.

Alasiri ikaadhiniwa. Watu wakatandika majamvi juu ya barafu, khitma ikasomwa. Shaame alivua viatu vyake, akakaa karibu na mlango, wenzake wa jamvini wakamsogezea msahafu. Dua ilipoombwa aliitikia amin kwa sauti kubwa kuliko wote.

Wakala wali. Kisha wakapita mmoja mmoja mlangoni kumpa Bi Mwanapili mkono wa pole. Shaame alipanga foleni nyuma ya Msellem. Zamu yake ilipofika alimshika mama yake mkono, akamwambia Mungu ampe subira, akarudi kucheza kipindi cha pili.