Nani Alitengeneza Moteri

Gikundiro alikuwa anageuza maharage pale mume wake, Ngabo, alipomwomba aondoe sufuria kwenye mbabula ya makaa.

"Watoto hawajakula, Baba Abigaïl."

"Nipe moto kidogo tu. Iko kitu nataka kuona."

Aliiondoa. Ngabo akateleka sufuria ndogo ya maji, akachuchumaa mbele ya mbabula na kupuliza makaa. Nyuma yake, juu ya mbao mbili, moteri ya bwato la kuvusha abiria ziwani ilikuwa imelazwa ubavu, kichwa chake kimefunguliwa. Mwenye moteri, Mama Léocadie, alikaa juu ya bidoni tupu la mafuta, kitenge chake kimejaa vumbi la barabara. Alikuwa ameileta kwa pusupusu ya kusukuma kwa mkono kupitia mtaa wa Kavimvira, imefunikwa shitingi la plastiki, na juu yake magunia ya unga wa muhogo. Kama vijana wanaofunga barabara kwenye bariyeri wangejua inaenda nyumba gani, isingefika.

"Tukitoka iko muzuri," Léocadie alisema. "Tukikaribia Makobola inaanza kunuka, halafu inazima. Juzi abiria walipiga maji kwa mikono. Mama mmoja alikuwa analia, anaomba Mungu. Fundi Sévère alibadilisha pompi ya maji. Ikachemka tena, akabadilisha tena."

"Moteri ikiwaka, maji yanatoka kwenye katundu ka nyuma?"

"Yanatoka. Njo maana sielewi."

"Basi pompi haina kosa. Maji yanaingia, lakini hayazunguki juu. Iko kitu kinayafungia mlango."

Alikichokoa kitu hicho kwa ncha ya bisibisi: termosta, kidude cha shaba chenye springi, kisichozidi kifuniko cha chupa, ambacho hufunguka maji yakipata moto. Kilikuwa kimevaa koti la tope gumu. Tangu ziwa lilipopanda na kula nyumba za ufukweni, maji ya pale yalikuwa matope matupu. Ngabo alikipangusa, akakifunga kwa waya pamoja na kingine alichokitoa kwenye moteri nzee iliyokuwa inaoza nyuma ya choo. Akavining'iniza vyote viwili ndani ya maji.

Wakangoja. Maji yakaanza kutoa mvuke. Kidude cha moteri nzee kikafunguka polepole, kisahani chake kikainuka kama mtu anayeamka. Cha Léocadie hakikutikisika. Maji yalichemka mpaka yakamwagikia makaa, nacho bado kimefunga.

"Kimeshika," Ngabo alisema.

"Si ukitupe tu, tuende bila?"

"Wengi wanafanya hivyo. Lakini moteri itakuwa baridi muda wote, itakunywa mafuta, buji za kuwashia zitachafuka. Tuweke hiki kizima."

Alifanya kazi bila haraka. Alikwangua tope kwenye njia za maji, akakata jointi mpya ya kuzibia kichwa, akakaza bolti moja moja, kutoka katikati kwenda pembeni. Mikono yake ilikuwa imefurahi, na Gikundiro aliona. Kwa miaka mingi Ngabo alikuwa na kibanda chake ufukweni, kando ya kile cha Sévère, na walikuwa wanaazimana funguo. Baba yake alishuka kutoka milima ya Mulenge na ng'ombe, lakini yeye alizaliwa hapa chini, akajua moteri kabla ya kujua ng'ombe. Kisha vita vya milimani vilipozidi, vijana wakaanza kusoma watu sura, wakitafuta watu wa Mulenge. Asubuhi moja ni Sévère aliyekuja kumwambia, bila kumtazama usoni, "Usirudi tena hapa. Hawakutaki." Siku hizi Sévère alikuwa anakaa na hao vijana kwenye bariyeri, na Ngabo hakuvuka geti la nyumba yake mwenyewe. Unga waliletewa na jirani.

Walisimamisha moteri ndani ya pipa la maji, ikawaka. Kichwa kilipata joto, kikaishia pale pale.

"Kwenye pipa haivuti kitu," Ngabo alisema. "Ikiwa na mzigo ziwani, njo tutajua. Ningekuwa ndani, ningeisikiliza."

Wote watatu walitazama geti.

"Nitakupigia simu," Léocadie alisema. "Nitaiweka karibu, utasikia." Akashusha sauti. "Ikishika muzuri, mchana huu nitapita kule kwenye matete, nyuma ya nyumba. Mkuwe tayari. Nitawavusha mpaka ng'ambo ya ziwa kwa dada yako, Gikundiro. Abiria wakishashuka, miye niko peke yangu kwenye bwato, hakuna atakayeuliza."

Alipoondoka na pusupusu yake, Gikundiro alianza kuwavalisha watoto sweta, ingawa jua lilikuwa kali.

Simu iliita baadaye. Ngabo aliifungulia sauti, akaiweka juu ya pipa.

"Niko mbali na ufuko," Léocadie alipiga kelele juu ya mngurumo. "Nimeikaza yote."

"Gusa kichwa. Inaunguza?"

"Hapana. Mkono unavumilia."

Ngabo alifumba macho na kusikiliza. Mlio ulikuwa mmoja, haukukwaruza popote. "Rudi," alisema. "Imepona."

Léocadie aliitia simu mfukoni bila kuikata. Walisikia moteri ikipunguza, mchanga ukikwaruza bwato, watu wakiuliza kama leo kuna safari. Kisha sauti ya mwanaume aliyezoea kungojewa. Ngabo aliitambua: Léopold, ajenti wa ufuko, anayeandika ruhusa za mabwato.

"Mama, moteri hii iliwakwamisha watu. Nani alitengeneza?"

Ngabo alisogeza sikio.

"Sévère," Léocadie alisema.

"Sévère. Ni kweli weye?"

Sauti ya yule aliyebadilisha pompi mara mbili ikasogea karibu na simu.

"Ndiyo, chef. Ni miye."

"Muzuri. Basi utapanda nayo. Leo na kila safari, mpaka niseme inatosha. Watu wakikwama tena, nikushike weye."

"Chef, haihitaji fundi," Léocadie alisema upesi. "Iko nzima kabisa. Atanilia nafasi ya abiria."

"Anapanda, ama bwato linabaki."

Ngabo alifungua mdomo. Gikundiro, mwenye mtoto mgongoni, aliufunika kwa kiganja chake kabla hajatoa neno, akakiacha pale.

Walisikia abiria wakipanda, mbao zikilia, mtu mzito akikanyaga karibu. Kisha sauti ya Léocadie ikaja kwenye simu, karibu mno, na Ngabo akaizima ile sauti ya nje, akaitia simu sikioni.

"Uko?"

"Niko," Ngabo alisema. "Huwezi kupita."

"Ndiyo, dada," Léocadie alijibu, kwa sauti ya mtu anayesikilizwa na wengine. "Leo sitapita. Iko kazi."

"Kesho?"

"Hata kesho, dada. Sijui."

Mngurumo ulianza tena. Ngabo alijua Sévère ndiye aliyevuta kamba ya kuwashia.

"Mwambie asiikaze sana," alisema. "Jointi ni mpya. Aiache ikae kwanza."

"Sawa, dada. Nimesikia. Usalimie watoto."

Simu ilikatika. Gikundiro alikuwa bado amesimama, mkono mmoja kwenye bega la Abigaïl.

"Alisema nini mwishoni?"

"Alisema tusalimie watoto."