Shayiri Ambayo Hakuna Aliyeikaanga

Fundi wa mashine za hospitali, binti aitwaye Rediet, alifunga taa nyekundu juu ya kabati na kidude cha kutetema chini ya godoro. Kisha akaubana mpira wa kupitishia hewa kwa vidole. Mashine ya oksijeni ikalia kule sebuleni, taa ikamulika, godoro likatetema, na Yeshimebet, ambaye hajasikia kitu tangu homa ya utotoni, akacheka mpaka akakohoa.

Mumewe, Mesele, hakucheka. "Taa hiyo itamulika mpaka barabarani, binti. Watu wa Dessie watadhani nimefungua baa. Ifungue uende nayo. Masikio yake ni mimi."

Rediet alisema mtu hulala, mtu hutoka. Mesele akamwuliza anamwona anakwenda wapi. Kisha akamgeukia mkewe na, kwa ishara zile zile alizomsomea ulimwengu tangu waoane, akamwambia kwamba fundi amesema taa haipatani na mashine. Yeshimebet aliinamisha kichwa kushukuru. Rediet, asiyejua ishara, alidhani mama amekubali, akavifungua vitu vyake akaenda navyo.

Alasiri majirani walikuja kunywa kahawa. Aliyeipika ni Tirunesh wa nyumba ya pili, maana Yeshimebet hakuwa na pumzi ya kupuliza mkaa; alikuwa amelala chumbani, mpira puani. Walikuwa kwenye kikombe cha pili wakati mguu wa kigoda cha Mesele ulipoukanyaga mpira. Mashine ikalia.

"Mesele, mashine," alisema Tirunesh.

"Hiyo hulalamika kama mama mkwe. Mimina. Nani huinuka kabla ya kikombe cha baraka?"

Hakuna aliyeinuka. Anayeondoka kabla ya kikombe cha tatu huondoka na baraka ya nyumba, na hakuna jirani anayetaka kusemwa hivyo. Basi kila mlio ukageuka punje ya shayiri iliyokaangwa, ukamwangukia mapajani aliyeusikia. Wageni walizikusanya wakatafuna. Mmoja alisema chumvi imekolea. Mesele alipata nyingi kuliko wote.

Yeshimebet alitoka akiushika ukuta, midomo imeiva kama zambarau, akiufuata mpira kwa mkono mpaka kwenye kigoda. Alimgusa mumewe bega. Mesele akasogea, hewa ikapita. Alipopata nguvu ya kuinua mikono, aliuliza kama mashine ililia.

Mesele alijifuta chumvi kwenye suruali, akajibu kwa mkono kwamba haikulia. Punje iliyochelewa ilimwangukia kwenye kiganja hicho hicho, kikiwa bado kinasema hapana.

Yeshimebet alitazama mataya ya wageni. Nyumbani mwake hamkuwa na shayiri tangu Pasaka. Tirunesh alichungulia ndani ya buli lake.

Mesele akaokota punje chache na kuzipeleka mdomoni mwa mkewe, kama mtu alishavyo ampendaye. Mkono wa namna hiyo haurudishwi mbele ya wageni. Alifungua mdomo. Zilikuwa bado za moto.

Siku hizi nyumba ile haikosi watu alasiri, na hakuna anayekuja na kitafunwa. Yeshimebet hulala ameushika mpira ili aihisi hewa ikipita. Mikono yake haisemi tena na mtu. Mesele huwaambia wageni kwamba mkewe ametulia sana, nao huitikia kwa vichwa, midomo ikiwa imejaa.